Keki ya kwanza kwa jiko la mkaa: kuoka na kupamba nyumbani, Tabora

Wiki iliyopita binti wa jirani alibisha hodi akiwa na kipande cha keki kwenye sahani, kimefunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo shangazi. Imedidimia tena."

"Marahaba mwanangu. Hebu niione."

Nilikimega. Pembeni kilikuwa kimekauka na kuwa kahawia, chini kimeungua kabisa, na katikati kuna ujiuji unaonata kwenye kidole kama uji wa jana. Nikamuuliza alifunua sufuria mara ngapi. "Mara nne tu, shangazi." Kisha akanionyesha, kwa furaha, seti ya nozeli za kupambia, vile vichwa vidogo vya kukamulia krimu, aliyoagiza kutoka Dar es Salaam kabla hajapata keki hata moja iliyoiva.

Maswali yake ndiyo ninayoulizwa na karibu kila anayeanza, kuanzia Ng'ambo hadi Kiloleni: mbona imezama, mbona chini imeungua na juu bado, mbona krimu imetiririka. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Naandika kwa ajili yako usiye na ovini, unayepikia mkaa, na pengine huna hata mizani. Keki nzuri inatoka kwenye jiko hilo hilo. Keki nyingi za wanaoanza huharibikia kwenye moto, basi jifunze moto kwanza. Nozeli zikae kabatini mpaka uoke keki tatu mfululizo zilizoiva sawasawa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha jiko

Kipimo changu ni cha robo, kwa sababu muuza duka anakupimia mwenyewe. Ukisema "nipimie robo ya unga na robo ya sukari", umeshamaliza kazi ya mizani. Majarini nayo inauzwa kwenye makopo ya gramu 250. Hii inatosha chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20, yaani inchi 8.

- Unga wa ngano robo kilo
- Sukari robo kilo, au gramu 200 kama hupendi utamu mwingi
- Majarini au siagi robo kilo, iliyokaa nje mpaka ikalainika. Isiwe imeyeyuka
- Mayai 4 ya kuku wa kisasa. Ya kienyeji ni madogo, weka 5 au 6
- Bekingi pauda vijiko 2 vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu
- Maziwa vijiko 3 au 4 vya chakula
- Vanila kijiko 1 cha chai, au ganda la limao lililokwaruzwa (ile njano tu, nyeupe ni chungu)

Vyombo: bakuli kubwa, mwiko wa mti, chekecheo, chombo cha kuokea, karatasi nyeupe isiyoandikwa, sufuria kubwa nzito ambayo chombo cha keki kinaingia na kubakiza nafasi ya vidole viwili kila upande, na mfuniko bapa au sinia la bati linaloweza kubeba mkaa juu. Ongeza mchanga safi uliochekechwa na kukaushwa, kiasi cha kufunika kitako cha sufuria kwa unene wa vidole viwili. Tumia sufuria ya zamani, maana haitarudi kuwa ya wali. Wengine huweka mawe matatu badala ya mchanga. Kama ni mawe, yasiwe ya mtoni yenye unyevu, kwani yakipata moto hupasuka.

Neno moja kuhusu bekingi pauda, kwa sababu resipi nyingi za mtandaoni zinakudanganya hapa. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na keki huumuka upesi zaidi. Ukizidisha bekingi pauda inapanda kwa kasi kabla haijapata nguvu ya kusimama, halafu inaanguka. Anayekuambia vijiko vitatu au vinne "ili iumuke vizuri" anakutengenezea shimo katikati. Viwili vinatosha.

Ijaribu kabla ya kuitumia: tia nusu kijiko kwenye maji ya moto. Ikichemka kwa povu, ni nzima. Ikinyamaza, itupe, hata kama tarehe kwenye kopo bado.

Kuandaa moto

1. Oka nje, kwenye baraza, au jikoni penye dirisha na mlango wazi. Hili silisemi kwa mazoea. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na keki inakaa motoni karibu saa nzima. Usifungie jiko ndani ya chumba kwa sababu ya upepo au mvua, na usilale nalo.

2. Washa mkaa wa kutosha mara moja, usubiri mpaka wote ushike na kuwa na jivu jeupe juu. Mkaa mweusi unaoendelea kushika utakubadilishia moto katikati ya kazi na kutia keki harufu ya moshi.

3. Weka sufuria yenye mchanga jikoni, funika, pasha kwa dakika 15. Kisha gawa mkaa: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili ziende juu ya mfuniko. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tumezoea kupika kwa moto wa chini, basi mtu anaacha jiko limejaa na juu anaweka vipande vitatu vya kubembeleza. Joto la chini linagusa chombo moja kwa moja kupitia mchanga, la juu linapita kwenye hewa kwanza. Ukiyafanya sawa, chini kutaungua.

4. Pima moto kwa unga. Nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano kwenye kifuniko cha kopo, kiweke ndani ya sufuria, funika, hesabu dakika 5. Ukiukuta bado mweupe, moto ni mdogo. Ukiwa na rangi ya dhahabu kama ganda la mkate, ndio moto wa keki. Ukiwa kahawia ya kukoza au unanukia kuungua, punguza mkaa wa chini na usubiri. Njia hii ni ya kale, watu waliitumia kabla ovini hazijawa na namba, na haijawahi kuniangusha.

Kuchanganya na kuoka

5. Paka chombo majarini ndani, nyunyiza unga kidogo, pindua ukung'ute unaozidi. Kata duara la karatasi ulilaze kitakoni, nalo ulipake. Fanya hivi kabla ya kuchanganya chochote, maana mchanganyiko ukishakuwa tayari hautakiwi kukusubiri.

6. Piga majarini na sukari. Sukari yetu ya dukani ina chembe kubwa, ndiyo maana keki nyingi zinatoka na madoa madoa juu. Itwange kidogo kwenye kinu au isage kwenye blenda kwanza. Kisha piga kwa mwiko, mkono mmoja umeshika bakuli, dakika 10 bila kuionea huruma. Utaona rangi ya njano inapauka mpaka inakaribia weupe, na ukiuinua mwiko mchanganyiko unabaki juu yake kama pamba. Hewa unayoipiga hapa ndiyo itakayoinua keki, bekingi pauda inasaidia tu. Wengi wanaacha dakika ya tatu mkono ukichoka. Badilishaneni na mtoto.

7. Tia yai moja moja. Livunje kwanza kwenye kikombe, ulinuse, ndipo ulimimine. Yai moja bovu likiingia bakulini, umepoteza kila kitu. Piga mpaka lipotee kabisa kabla ya kutia lingine. Mchanganyiko ukianza kukatika kama maziwa yaliyoganda vibaya, tia kijiko kimoja cha unga na uendelee. Mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja.

8. Chekecha unga pamoja na bekingi pauda, mara mbili. Unakamata wadudu, na unasambaza pauda isibaki mafundo. Tia kwa awamu tatu ukibadilishana na maziwa, vanila mwishoni. Kuanzia hapa mkono uwe mpole: ingiza mwiko pembeni, upitishe chini, uinue, ugeuze. Unga ukishapotea, acha. Ukiendelea kupiga kama ugali, utapata keki ngumu yenye mapango ndani.

9. Mimina kwenye chombo kisizidi theluthi mbili. Sawazisha, kisha chimba kidogo katikati kwa mgongo wa kijiko ili isije ikafanya kichuguu. Weka ndani ya sufuria, funika, palia mkaa juu.

10. Usifunue kwa dakika 30 za kwanza. Weka simu ikuhesabie, ondoka, kaoshe vyombo. Kila unapofunua, joto lote linatoka na keki iliyokuwa inapanda inashuka. Baada ya dakika 30 ongeza vipande vichache vya mkaa juu kama umefifia. Chungulia dakika ya 40. Keki ya kipimo hiki huiva kati ya dakika 40 na 55 kutegemea moto wako.

11. Ipime. Chomeka kijiti kikavu katikati. Kikitoka kikavu au na chembe mbili tatu, imeiva. Kikitoka na ute, rudisha dakika 7. Dalili nyingine ninayoiamini zaidi: pembeni imejitenga na chombo, na ukiibonyeza juu kwa kidole inarudi. Pia isikilize. Keki mbichi ina mlio wa kuchemka chemka ndani, keki iliyoiva imenyamaza.

12. Iache ndani ya chombo dakika 10, kisha ipindue juu ya waya. Ukiitoa ikiwa ya moto sana inavunjika, ukiiacha mpaka ipoe kabisa inatoa jasho na kitako kinakuwa teketeke.

Sisimizi wa Tabora wanajua keki imeiva kabla ya mwenye nyumba. Pindua bakuli ndani ya beseni, tia maji kidogo kwenye beseni, weka waya na keki juu ya bakuli, funika na kawa. Hawavuki.

Kama hutaki krimu

Hapa kwetu tuna asali ya miombo, inayosifiwa nchi nzima, na sielewi kwa nini tunaipita kwenda kutafuta rangi za chupa. Keki ikiwa bado vuguvugu, itoboe toboe juu kwa kijiti. Changanya vijiko 4 vya asali na kijiko 1 cha ndimu na kijiko 1 cha maji ya moto, ipake taratibu ikinywe. Nyunyiza karanga zilizokaangwa na kupondwa. Kwa maulidi au chai ya wageni sioni kinachoishinda, na haiogopi jua.

Ukitaka asali iingie ndani badala ya sukari, usibadilishe yote mara ya kwanza. Toa nusu ya sukari, weka asali kiasi cha robo tatu ya ulichotoa, na uache maziwa. Asali ina maji yake, na hufanya keki ipate rangi haraka, kwa hiyo punguza mkaa wa juu kidogo.

Kupamba kwa krimu ya siagi

Sharti la kwanza: keki ipoe kabisa. Vuguvugu si kupoa. Mimi huoka jioni, nikaifunga kwenye nailoni safi ikishapoa, nikaipamba asubuhi ya pili. Keki iliyolala hukatika vizuri na haimwagi makombo.

Unahitaji majarini au siagi gramu 250, sukari ya aisingi (ile laini kama unga) nusu kilo, maziwa kijiko 1 au 2, vanila, na rangi ya chakula. Usijaribu kutengeneza aisingi kwa kusaga sukari ya kawaida nyumbani. Chembe zinabaki na krimu inalia kwenye meno kama mchanga.

Sasa joto. Siagi huyeyuka ikikaribia nyuzi 32 hadi 35, na mchana wa Septemba au Oktoba hapa unafika huko bila shida. Kwa miezi hiyo tumia nusu siagi na nusu mafuta ya mgando meupe yasiyo na harufu. Ladha inapungua kidogo, lakini waridi lako litasimama mpaka mgeni rasmi afike. Krimu ya unga inayochapwa kwa maji baridi iache mpaka uwe na friji na barafu.

13. Piga majarini peke yake dakika 5 mpaka ipauke. Tia aisingi iliyochekechwa kwa awamu nne, maziwa kijiko kimoja kimoja. Iko tayari ukichora mfereji kwa kijiko nao ukabaki wazi. Ikiwa laini mno, ongeza aisingi au uweke bakuli ndani ya beseni la maji baridi dakika 10.

14. Sawazisha keki. Kata kichuguu cha juu kwa kisu cha meno, ukikokota kisu kama msumeno bila kukandamiza. Pindua keki, kitako kilichonyooka kiwe juu. Paka krimu kidogo kwenye sinia kwanza ili keki isiteleze.

15. Paka tabaka la kwanza jembamba sana, kiasi cha kuona keki kwa ndani. Kazi yake ni kukamata makombo. Iache nusu saa mahali penye ubaridi. Anayeruka hatua hii anapata keki nyeupe yenye madoa ya kahawia, halafu anaongeza krimu kuficha, na madoa yanaongezeka.

16. Paka tabaka la pili, nene. Weka sinia juu ya bakuli lililopinduliwa ili uweze kulizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika rula safi ya plastiki wima pembeni ya keki. Mkono wa rula usisogee, keki ndiyo izunguke. Kwa juu, chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, upitishe mara moja.

17. Gawa krimu iliyobaki utie rangi. Tumia ncha ya kijiti. Rangi hukoza ikikaa, basi ukiona pinki hafifu acha robo saa kabla ya kuongeza. Nyekundu kali na nyeusi zinataka rangi nyingi mpaka krimu inakuwa chungu. Anayeanza azikwepe.

18. Jaza krimu kwenye mfuko wa nailoni mpya, mgumu, kata ncha ndogo ya kona, au ingiza nozeli ya nyota. Jaza nusu tu, sokota juu, kandamiza kwa kiganja. Fanya mazoezi mgongoni mwa sahani: nyota ishirini, mistari kumi, kisha kwangua yote uirudishe kwenye mfuko. Mkono ukitetemeka, pumzika. Joto la kiganja linalainisha krimu, kwa hiyo kila baada ya dakika kadhaa chovya mkono kwenye maji baridi, uufute.

19. Kuandika. Andika kwanza kwenye karatasi yenye ukubwa wa keki, hesabu herufi, anza na ya katikati uende pande zote mbili. Na mwombe mwenye sherehe akutumie jina kwa maandishi. Mimi niliwahi kusikia jina kwa simu, nikaandika Zainabu kwenye keki ya mtoto anayeitwa Zainab. Mama yake hakusema kitu, ila nilimwona akimwangalia mtoto, na kile kimya nilikibeba mpaka nyumbani. Nilioka nyingine.

Ikiharibika

*Imezama katikati.* Ulifunua mapema, au bekingi pauda imezidi, au uliitoa kabla haijaiva. Ya binti wa jirani ilikuwa na yote matatu.

*Chini imeungua, juu mbichi.* Mkaa wa chini ni mwingi au mchanga ni mwembamba. Ukigundua mapema, ondoa mkaa wa chini karibu wote na uongeze juu.

*Juu imekuwa kahawia na ndani bado.* Toa nusu ya mkaa wa juu, funika keki kwa karatasi iliyopakwa majarini, endelea taratibu.

*Imepasuka na kufanya kilima.* Moto mkali mwanzoni, pembeni kukaganda wakati katikati bado kunapanda. Ikate kilima, ule na chai, pamba iliyobaki.

*Ni nzito, imebana kama mkate wa kumimina ulioshindwa.* Hukupiga majarini na sukari vya kutosha, au pauda imekufa.

*Imegoma kutoka.* Weka kitambaa chenye maji ya moto chini ya chombo dakika 3, pitisha kisu pembeni, pindua.

*Krimu imekatika, inatoa maji.* Ina joto na baridi zisizolingana. Iache ifikie joto la chumba, piga tena kwa nguvu. Ikiwa inatiririka, tatizo ni joto tu: beseni la maji baridi, au fanya kazi alfajiri.

*Keki imefika imeinama.* Kwa bajaji kwenda Sikonge au Urambo, usipeleke keki ya ghorofa ikiwa imeshapangwa. Peleka kila ghorofa kwenye boksi lake, boksi likae sakafuni na si mapajani, na mfuko mmoja wa krimu uende nawe. Panga na kuziba nyufa ukishafika. Ondoka asubuhi.

Keki isiyo na krimu, ikifungwa vizuri, inakaa siku tatu bila friji. Iliyopakwa krimu ya siagi iliwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwenye joto la Oktoba, siku hiyo hiyo.